MAJI YA MBUZI NA HOMA ZA MJINI

Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja, fundi wa shedi, mbele ya mkutano wa tawi, Mombasa



Mimi si daktari, wala si msemaji. Masomo yangu yaliishia darasa la nane katika shule ya misheni, na tangu siku hizo nimeshika spana kuliko kalamu. Kwa hiyo nitakaposema habari za elimu ya mbu, jueni kwamba mengine nimeyauliza kwa Bwana Afya, mengine nimeyasoma, na mengine nimeyaona kwa macho yangu ndani ya pipa langu mwenyewe. Hilo la pipa ndilo lililonisimamisha hapa leo.

Mnajua jambo lililo mbele ya mkutano. Wanachama wengine wameleta hoja kwamba chama kiandike barua kwa wakubwa, mifugo yote iondolewe katika landi: mbuzi, kuku, bata, na wale ng'ombe wawili wa mzee wa nyumba za nyuma. Wanasema mifugo inaleta mbu, na mbu wanaleta homa. Wanachama wengine, nami nimo kwa kuwa nina mbuzi watano, wamesema hoja ikipita watarudisha kadi za chama. Nataka kusema na pande zote mbili. Nitaanza na upande wangu, kwani sisi wenye mifugo tunalo kosa, ijapokuwa si lile tunaloshitakiwa.

Mtakumbuka mwanzo wa mwaka 2018. Homa ya chikungunya ilikuwa imeingia Mombasa tangu mwisho wa 2017, na haikuchagua mtaa. Jirani yangu alikuwa mtu wa gengi ya njia, kijana mwenye nguvu, anayeweza kushika mtaimbo tangu asubuhi mpaka jua la saa sita bila kuguna. Siku moja aliamka akashindwa kufumba ngumi. Homa yenyewe ilimwacha siku ya nne. Maumivu ya viungo hayakumwacha. Vifundo vya miguu vilivimba, viganja vilikataa kushika kikombe, na alipokwenda chooni alitembea ameinama kama mzee wa miaka 80. Alikaa hivyo majuma sita. Naye alikuwa kibarua. Siku asiyofika kazini haikuwa na malipo. Juma la tatu mke wake aliuza cherehani. Juma la tano na yule mama naye akalala kwa homa ile ile, na baada yake binti yangu mdogo.

Sisi wa landi tulijua adui ni nani. Tuliunyoshea kidole ule mtaro wa nyuma, unaonuka, wenye maji meusi na mbu wengi kama moshi. Tukaandika barua, tukaweka sahihi 43, na ya kwanza ilikuwa yangu.

Basi Bwana Afya akaja. Nasema Bwana Afya kwa kuwa ndivyo tulivyozoea kuita, lakini aliyekuja alikuwa binti wa miaka kama 28, amevaa viatu vya mpira, na tuliendelea kumwita Bwana Afya naye hakukataa. Alikwenda mtaroni, akachota maji, akatazama. Akasema mtaro huu ni aibu na lazima uzibuliwe, lakini mbu waliomo si wale walioleta homa hii. Wa mtaroni ni yule mbu wa usiku, apendaye maji machafu, ambaye hapa pwani ndiye mmoja wa wanaoeneza matende. Kisha akauliza, "Mbuzi ni wa nani?"

Nikamwonyesha hori langu kwa majivuno. Nililitengeneza kwa mikono yangu: pipa la lita 200 nililolipasua kwa urefu, nikalichomea miguu ya chuma, nikalipaka rangi. Maji yake yalikuwa safi. Mbuzi ni mnyama wa maringo, hanywi maji yanayonuka, kwa hiyo niliyatunza. Binti yule akachovya bakuli jeupe pembeni, polepole, akalileta chini ya macho yangu. Mlikuwa na vidudu kama vipande vya uzi, vimening'inia kichwa chini mkia juu, na kivuli cha kichwa changu kilipovipitia vyote vilijipinda vikazama. Havikuwa viwili wala vitatu.

Nikamwambia, "Maji haya nayabadili kila mara." Hakubishana. Alipitisha kidole ndani ya ukuta wa hori, juu kidogo ya mahali maji yalipofika, akanionyesha. Kidoleni palikuwa na punje nyeusi ndogo kama vumbi la majani ya chai. Akasema, "Haya ndiyo mayai, na wewe unayanywesha."

Maneno hayo niliyachukua kwa hasira siku ile. Baadaye nilipiga hesabu, na nataka mwipige pamoja nami. Nusu pipa huchukua lita 100. Mbuzi mmoja kwa siku hunywa lita kama nne au tano, basi watano wangu walimaliza lita 25. Kila jioni nilikuwa naongeza ndoo moja na nusu ili pajae. Naliita hilo kubadili maji, kumbe lilikuwa kujazia tu. Hori lile halikukauka hata siku moja tangu nilipolitengeneza. Nililipima kwa kipimo cha chuma nilichokipata shedini, wala sikulipima kwa tumbo la mbuzi.

Sasa sikilizeni jinsi mbu huyu alivyo, kwa maana ukimjua hivi utaona kosa langu lilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Jina lake la kitabuni ni Edesi. Ni mweusi, mwenye alama nyeupe miguuni na mgongoni. Haumi usiku wa manane. Huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri, kwa hiyo chandarua hakimkingi mtu aliye kazini wala mtoto anayecheza uani. Hataki maji ya mtaro. Hupenda maji yaliyotulia ndani ya chombo, karibu na nyumba, na hafiki mbali na mahali alipozaliwa. Jike huweka mayai yake ukutani mwa chombo, pale penye unyevu juu ya maji. Mayai hayo yakikauka hayafi. Hukaa miezi mingi yakingoja, na siku maji yakipanda na kuyafunika, yanaanguliwa. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka, katika joto letu la pwani, ni siku kama saba mpaka kumi.

Kwa hiyo kila jioni nilipoongeza ndoo yangu na nusu, maji yalipanda yakayafunika mayai, nami nikayaita yatoke. Na hata kama ningemwaga maji yote na kujaza mapya, ukuta ungebaki na mayai yake. Kumwaga peke yake hakutoshi. Ni lazima kusugua.

Jirani yangu hakuniuliza kitu. Nami sikumwambia habari ya hori mpaka mwezi wa nne. Sisemi kwamba mbu aliyemuuma alitoka kwangu, maana hakuna awezaye kujua hilo, na mwaka ule mapipa yalikuwa kila nyumba. Lakini sikupata usingizi mzuri, na mpaka leo nikimwona akikunja vidole vyake asubuhi ya baridi najua kwa nini nimekuja kusema hapa.

Ndugu wanachama, jina chikungunya si la Kizungu. Ni neno la Kimakonde, na maana yake ni hali ya kukunjika, kama alivyokunjika jirani yangu. Homa hii ilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1952 na 1953 kusini mwa Tanganyika, katika uwanda wa juu wa Wamakonde. Kule juu maji yalikuwa ya shida, watu wakiyafuata mbali na kuyaweka nyumbani katika mitungi. Mbu akaipata mitungi.

Miaka 50 baadaye jambo lile lile lilitokea Lamu. Mwaka 2004 palikuwa na ukame, na maji ya kuhifadhi nyumbani yakawa hayabadilishwi upesi. Homa ikazuka katikati ya mwaka. Waliochunguza damu za watu baadaye walikadiria kwamba katika kila watu wanne wa mji wa Lamu, watatu walikuwa wameipata. Kutoka huko ilifika Mombasa mwaka ule ule, na mwaka uliofuata ikavuka bahari mpaka Ngazija na visiwa vingine, kisha India. Sisi hudhani mvua ndiyo inayoleta mbu. Lamu ilikuwa kiu.

Na mbu huyu habebi homa moja tu. Homa ya dengi, ambayo wengine huiita kidingapopo, ilijulikana katika pwani yetu tangu mwaka 1982, Malindi na Kilifi, na Mombasa imepata milipuko yake mwaka 2013, mwaka 2017 na mwaka 2021. Hiyo ni hatari zaidi kwa maana inaweza kumtoa mtu damu. Nitarudi kwake kidogo mwishoni, kwa sababu wengi wetu tunapoona homa tunameza vidonge vya malaria bila kupima.

Mtu mmoja ameniuliza, kwa nini jambo hili liletwe katika mkutano wa wafanya kazi wa reli, si katika baraza la chifu? Nitamjibu kwa historia yetu wenyewe. Reli hii ilianza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896. Mwaka ule hakuna mtu duniani aliyekuwa amethibitisha kwamba mbu ndiye mchukuzi wa malaria. Ilikuwa tarehe 20 Agosti 1897, kule Secunderabad katika India, daktari Ronald Ross alipokiona kijidudu cha malaria ndani ya tumbo la mbu. Wakati huo mataruma yalikuwa yamekwisha kulazwa kuelekea bara. Walioletwa kutoka India kuijenga reli walikuwa karibu 32,000, na mpaka reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 karibu 2,500 kati yao walikuwa wamekufa. Watu husimulia simba wa Tsavo kwa kuwa simba ni hadithi nzuri. Malaria na kuhara viliwamaliza watu wengi kuliko simba. Wale walikuwa na udhuru wa kutokujua. Sisi hatunao.

Tena kuna habari mpya ambayo inawahusu watu wa reli hasa. Yupo mbu mwingine, wa jamii ya Anofelesi, yaani mbu wa malaria, anayeitwa stefensi. Wenzetu wa India wamemjua muda mrefu kama mbu wa malaria ya mijini, maana yeye hangoji kinamasi wala mto. Huzaa katika visima, matangi ya juu ya nyumba, mapipa ya wajenzi, na mahori ya kunyweshea mifugo. Huuma watu, huuma na mbuzi na ng'ombe, na hupenda kupumzika katika mabanda ya wanyama. Afrika alionekana mara ya kwanza mwaka 2012 katika mji wa Jibuti. Mwaka huo wagonjwa wa malaria walioandikwa katika nchi ile walikuwa 27. Mwaka 2020 walipita 73,000. Hakuna homa yenye sababu moja tu, lakini wataalamu wanamtaja mbu huyu kuwa sababu kubwa.

Kutoka Jibuti kuna reli inayopanda mpaka Uhabeshi, na mji mkubwa wa kwanza katika reli hiyo ni Dire Dawa. Reli ilifika hapo mwaka 1902, na mji ukakua kwa ajili yake, kama Nairobi ilivyokua kwa ajili ya yetu. Dire Dawa katika mwaka mzima wa 2019 waliandikwa wagonjwa 205 wa malaria. Kutoka Januari mpaka Mei 2022 walipita 2,400, tena wakati ambao si wa mvua nyingi, na wachunguzi walimkuta stefensi katika vyombo vya maji karibu na nyumba za wagonjwa. Sisemi kwamba alipanda behewa akakata tikiti. Wengi wanadhani hufuata njia za biashara, katika meli, malori na magari ya moshi. Mwisho wa mwaka 2022 alikamatwa Kenya, katika kaunti ya Marsabit, upande wa Laisamis na Saku, kwenye barabara kuu inayotoka Moyale kuja Nairobi.

Haya, sasa ninyi mliozoea kusema malaria ni ugonjwa wa shamba, fikirini maana yake. Mbu wa malaria wa zamani alihitaji bwawa au shamba la mpunga. Huyu anahitaji hori langu.

Sasa nageukia upande wa pili, wa wale walioleta hoja.

Ndugu zangu, hasira yenu ni ya haki, na wengine wenu mmeuguza watoto. Lakini mkiwatoa mbuzi mtakuwa mmeondoa vyombo vingapi? Siku ile binti wa afya alipomaliza kunikemea, hakuondoka. Alipita nyumba 22 za mistari yetu. Wenye mifugo tulikuwa saba. Vyombo vyenye viluwiluwi alivipata katika nyumba 13. Zile sita za ziada hazikuwa na hata kifaranga. Zilikuwa na pipa la maji ya kupikia lisilo na kifuniko, tairi la gari lililoachwa nyuma ya jiko, mkopo wa rangi, na nyumba moja ilikuwa na jagi la maua ya plastiki lililotiwa maji, sijui kwa faida ya nani. Na mahali petu pa kazi je? Kesho yake nilitazama zile ndoo nyekundu za kuzimia moto. Zilikuwa sita, na nne zilikuwa na viluwiluwi. Hakuna mbuzi anayekunywa humo.

Kisha mfikirie mbuzi ni nini. Ng'ombe wa yule mzee ndio waliomlipia mjukuu karo ya sekondari. Kuku wa uani ndio mboga ya tarehe 20, wakati mshahara umekwisha na mwezi haujaisha. Mtu akinyang'anywa kitu hicho kwa barua ya chama chake mwenyewe, atarudi lini kutoa ada? Tena wakubwa wakipata barua yetu yenye kusema tunaomba kuondolewa mifugo, wataifurahia, kwani ni dai la kwanza kutoka kwetu lisilowagharimu senti. Watatimiza hilo, na mfereji utabaki mkavu kama ulivyo.

Hapo ndipo penye shina la jambo. Kwa nini tuna mapipa? Je, kuna mtu hapa anayependa kuamka saa tisa za usiku kungoja mfereji upige chafya? Maji ya Mombasa hutoka mbali, Mzima, Baricho, Marere, na hayajapata kuutosha mji. Katika landi zetu hutoka siku mbili kwa juma, na siku nyingine hayatoki. Mtu anayepata maji Jumanne na Ijumaa lazima ayafungie ndani ya kitu. Anayenunua kwa mwenye mkokoteni, ndoo kwa shilingi, hawezi kusikia neno kwamba amwage maji yaliyobaki pipani. Mkewe atamwuliza kama ana wazimu. Wamakonde walikuwa na mitungi kwa sababu hiyo hiyo, na watu wa Lamu pia.

Lakini kabla ya kwenda kudai maji lazima tukumbuke kwamba Sheria ya Afya ya Umma, ile Sura ya 242, inahesabu chombo chenye viluwiluwi vya mbu kuwa uchafu unaodhuru watu, na mkaaji wa mahali pale anaweza kushitakiwa. Tukipeleka wajumbe kudai mfereji, nao wakajibiwa, "Twendeni kwanza tukatazame mapipa yenu," tutasimama wapi? Nataka wajumbe wetu waseme, "Twendeni."

Kwa hiyo naeleza nilivyofanya mimi, nanyi mwone kama kuna la kuchukua.

Hori la zamani nililikata. Kutoka katika nusu pipa lile nilipata mahori mawili mafupi. Nilichomea kila moja miguu, wa upande mmoja nikaupunguza inchi mbili ili hori lilale kidogo. Katika upande wa chini kabisa, si ubavuni bali pale chini maji yanapokimbilia, nilitoboa tundu la inchi moja na nusu nikalitia kizibo cha mti kilichofungwa mnyororo kisipotee. Jambo hili la tundu ni kubwa kuliko linavyosikika. Hori zito lisilo na tundu mtu halimwagi, atasema kesho. Ukivuta kizibo, maji yanakwenda yenyewe wakati unafunga viatu. Mapigo ya kuchomea niliyasaga yawe laini, kwa sababu mbu hupenda mikunjo, na brashi haiingii. Asubuhi natia lita zile ambazo mbuzi watamaliza. Jioni nachomoa kizibo, kilichobaki kinamwagikia mchicha wa mama watoto. Usiku hori ni kavu. Jumamosi nalisugua ukuta wote kwa brashi ngumu na sabuni, mpaka ukingoni juu, na kulianika juani.

Mwenye ng'ombe wa maziwa mambo yake ni mengine, maana ng'ombe mmoja anaweza kumaliza lita 50 na kupita, na hori lake haliwezi kuwa dogo. Lakini hori ambalo mnyama analimaliza kila siku ndilo jepesi kulisugua. Linalozaa mbu ni lile kubwa mno kwa mnyama mdogo, na lile la mnyama aliyekwisha kuuzwa, limebaki nyuma ya banda likipokea mvua. Wenye kuku, vile vipande vya tairi mnavyonyweshea vitupwe kabisa. Tairi halisuguliki ndani, na kuku hajali akipewa sahani.

Mtu asitie mafuta ya taa wala oili chafu ya injini katika maji ya mnyama. Najua wazee walifanya hivyo katika vidimbwi, lakini mbuzi akinywa atakufa, na oili yenyewe ni ya watu. Wenye birika kubwa lisilomwagika wanaweza kufanya kama walivyofanya watu wa Lamu tangu zamani katika mabirika yao ya nyumbani: waliweka samaki wadogo, nao wakala viluwiluwi. Tena Bwana Afya ana dawa ya unga itokanayo na bakteria, ambayo huua viluwiluwi na haimdhuru mnyama. Akiombwa na watu wengi pamoja huja upesi kuliko akiombwa na mmoja.

Pipa la jikoni ni lile lile kwa jambo moja: kifuniko kinachobana, au kitambaa cha chandarua kilichofungwa kwa mpira pasiwe na nafasi ya kidole, na likiisha maji, kabla ya kujazwa, lisuguliwe. Siku ya mfereji ndiyo siku ya brashi.

Nilisema nitarudi kwenye dengi. Ukipata homa kali ya ghafla, kichwa na nyuma ya macho panauma, viungo vinauma, nenda ukapimwe, usijitibu malaria kwa kubahatisha. Mpaka ujulikane ni nini, usimeze aspirini wala ibuprofeni, maana kama ni dengi zinaweza kuzidisha kutoka damu. Parasetamoli, kunywa maji mengi, na kulala ndani ya chandarua hata mchana, ili mbu asichukue homa kwako akaipeleka kwa jirani. Na siku homa inaposhuka mtu asidhani amepona. Hapo ndipo wengine huzidiwa. Tumbo likiuma sana, akitapika bila kukoma, au fizi na pua zikitoa damu, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, usiku usingojwe uche.

Bwana Mwenyekiti, naomba hoja ya kuondoa mifugo irudishwe kwa wenyewe, na badala yake mkutano upige kura juu ya mambo haya. Kwanza, tawi liwaandikie wakubwa kudai maji kila siku katika landi, au tangi moja kubwa lenye kifuniko na chandarua kwa kila mstari wa nyumba, pamoja na kuzibuliwa kwa mtaro, ambao mpaka leo unanuka. Pili, mtu wa kibarua akiugua homa hizi asipoteze siku zake zote, nalo liingizwe katika mazungumzo yajayo ya mapatano. Tatu, kila Jumamosi asubuhi wanachama wawili, mmoja mwenye mifugo na mmoja asiye nayo, wapite nyumba kwa nyumba na bakuli jeupe na tochi, waanze na nyumba yangu. Ndoo za moto za kazini ziwekwe mchanga.

Wenye mahori ya mapipa yasiyo na tundu wayalete nyuma ya nyumba yangu Jumamosi saa nane mchana. Vizibo nimechonga 15. Jirani yangu wa gengi atakuwapo. Ameniambia kusaga hawezi, lakini kushika pipa lisitikisike anaweza.